Seli shina za saratani: kwa nini uvimbe ulionywea hurudi

Swali: Baba yangu alipasuliwa uvimbe wa saratani ya utumbo mpana, akamaliza dozi zote za tibakemikali, na picha zikaonyesha kwamba yu safi. Baada ya mwaka mmoja na nusu ugonjwa umeonekana kwenye ini. Amerudishiwa dawa zilezile. Vivimbe vilinywea kidogo, kisha vikaanza tena kukua. Binamu yangu anasema chanzo ni seli shina za saratani, ambazo ndizo mzizi, na kwamba tibakemikali hukata matawi tu. Amenionyesha vidonge vinavyouzwa mtandaoni kwa madai kwamba huziua. Je, ni kweli? Na kama seli hizo zinajulikana, mbona madaktari hawaziui?

Jibu: Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Nianze na lile lisilosubiri. Vidonge hivyo usivinunue, na kama mzee ameshaanza kuvimeza, mwelezeni daktari wake kabla ya dozi inayofuata, kwa sababu ini hilohilo lenye vivimbe ndilo linalovunjavunja dawa kadhaa za tibakemikali, na kitu chochote kinachobadilisha kasi ya kazi yake kinaweza kuifanya dozi iliyopimwa kwa uangalifu iwe sumu, au isifanye kazi yoyote. Nitavirudia vidonge mwishoni. Binamu yako, kwa upande wake, hajakosea kabisa. Mfano wa mzizi na matawi ndio sisi watu wa maabara tuliokuwa tukiutumia kwa miaka mingi, na ilituchukua muda kuona mahali unapopotosha.

Tuanze na neno "safi". Uvimbe wenye upana wa sentimita moja hukadiriwa kuwa na seli zinazokaribia bilioni moja. Tuseme dawa imefanya kazi nzuri mno na kuua 99.9% ya seli hizo. Zilizobaki ni milioni moja, na milioni moja ya seli ni kitone chenye upana wa milimita moja hivi, ambacho mashine ya picha haikioni. Kwa hiyo picha za mzee hazikudanganya, wala daktari hakuwaficha neno. Zilieleza tu kwamba hakuna kilichobaki chenye ukubwa wa kuonekana. Swali la kisayansi ndipo linapoanzia: je, seli hizo zilizobaki ziliponea chupuchupu kwa bahati tu, au zina jambo ambalo zile zilizokufa hazikuwa nalo?

Wazo la seli shina za saratani lilizaliwa kutokana na swali hilo. Mwilini mwetu tishu nyingi hutunzwa na seli chache zinazoweza kujizalisha zenyewe na pia kuzaa seli za aina nyingine. Hizo ndizo seli shina za kawaida. Mwaka 1994 kundi la John Dick huko Toronto lilionyesha kwamba katika aina moja ya lukemia kali, yaani saratani ya damu, ni seli chache tu, zenye alama fulani juu ya ngozi yake, zilizoweza kuuanzisha ugonjwa upya ndani ya panya. Mwaka 2003 watafiti wa Michigan waliripoti jambo la namna hiyo katika saratani ya matiti. Zamu ya utumbo mpana ilifika mwaka 2007, na mmoja wa waliofanya kazi hiyo alikuwa Catherine O'Brien, wakati huo akiwa katika maabara ya Dick. Lishike jina hilo, maana tutakutana naye tena.

Ni vizuri uone jaribio lenyewe linavyofanyika, kwa kuwa nguvu na udhaifu wa hoja nzima vimo humo. Kipande cha uvimbe kinatoka chumba cha upasuaji kikiwa bado kibichi. Kinakatwakatwa kwa wembe hadi kiwe kama rojo, kisha kinawekwa kwenye vimeng'enya vinavyoyeyusha gundi inayoshikanisha seli, hadi kila seli iwe peke yake kwenye maji. Seli hizo zinapakwa kingamwili zenye rangi inayong'aa, ambazo hushika alama moja tu, na hapa alama iliyotafutwa iliitwa CD133. Halafu zinapitishwa moja moja, kila moja ndani ya tone lake, mbele ya mwale wa leza. Tone lenye seli inayong'aa linavutwa upande mmoja na lisilong'aa upande mwingine. Mwisho wake una vichupa viwili vinavyofanana kabisa kwa macho. Unapandikiza seli kutoka kila kichupa chini ya utando unaofunika figo ya panya asiye na kinga ya kutosha mwilini, unaanza na seli nyingi, unapunguza, unapunguza tena, kisha unasubiri kwa wiki kadhaa uone ni kiasi gani kidogo kabisa kinachoweza kuota. Ukichukua seli za uvimbe bila kuzichagua, waliripoti, moja tu kati ya 57,000 hivi iliweza kuuanzisha uvimbe mpya. Ukichukua zenye CD133 peke yake, ilikuwa moja kati ya 262.

Hiyo ndiyo hadithi iliyomfikia binamu yako. Iliongezewa nguvu na mambo mengine yaliyojulikana kuhusu seli shina. Nyingi hukaa zimetulia bila kugawanyika, ilhali dawa nyingi za tibakemikali huiumiza seli hasa inapojaribu kugawanyika. Baadhi zina pampu kwenye utando wake zinazoitema dawa nje mara inapoingia, nyingine zina vimeng'enya vinavyoisafisha sumu, na mwaka 2006 ilionyeshwa katika saratani ya ubongo kwamba seli za namna hii hurekebisha upesi zaidi madhara ambayo mionzi imeyafanya kwenye vinasaba vyake. Ukijumlisha yote unapata picha inayovutia: malkia amejificha ndani ya mzinga, na sisi tunaua nyuki vibarua tu.

Picha hiyo ilianza kupata nyufa mapema. Mwaka 2008 kundi la Sean Morrison lilirudia jaribio la kupandikiza kwa kutumia melanoma, aina ya saratani ya ngozi, lakini likachagua panya waliopungukiwa kinga zaidi na kubadili namna ya kuzipandikiza seli. Seli zilizoweza kuanzisha uvimbe, ambazo hapo awali zilidhaniwa kuwa moja kati ya milioni, zikawa karibu moja kati ya nne. Ubishi wake ulikuwa mkubwa, na nakumbuka jinsi baadhi yetu tulivyokataa kukubali. Maana yake ilikuwa nyepesi na chungu: huenda sehemu ya kile tulichokuwa tukikipima ilikuwa uwezo wa seli ya binadamu kuvumilia kuishi ndani ya panya, na panya mwenyewe ndiye aliyekuwa chujio.

Jambo lililonibadilisha mimi ni majaribio ya mwaka 2017 kuhusu saratani hii hii ya mzee. Seli shina za kawaida za utumbo zinatambuliwa kwa jeni iitwayo LGR5, na uvimbe wa utumbo nao una seli zenye alama hiyo. Watafiti wa California waliingiza ndani ya seli hizo za panya mlango wa sumu ya dondakoo, ambao kwa kawaida seli za panya hazina, hivi kwamba sumu ikichomwa inaua seli zenye LGR5 peke yake na kuziacha nyingine zote. Kama mfano wa mzizi na matawi ungekuwa sahihi, uvimbe ungenyauka. Haukunyauka. Uliacha tu kukua, ukashikiliwa na seli nyingine zilizoendelea kugawanyika, na sindano za sumu ziliposimamishwa seli zenye LGR5 zilizuka upya kutokana na zile zisizokuwa nazo, uvimbe ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka huohuo kundi la Toshiro Sato huko Tokyo lilipata matokeo ya jamii hiyo kwa kutumia organoidi, yaani vijiuvimbe vinavyooteshwa maabara kutokana na seli za wagonjwa wenyewe: uvimbe ulipungua, kisha seli zilizokuwa zimeshakomaa zikarudi nyuma na kuwa seli shina.

Kwa hiyo ningependa uondoe neno "mzizi" kichwani na uweke neno "cheo". Seli shina ya saratani, angalau katika utumbo mpana, inafanana zaidi na cheo kuliko ukoo. Kipo kiti, na kila wakati kuna anayekikalia. Ukimwondoa, aliye jirani anakikalia. Nisiseme hivyo kwa saratani zote, kwa kuwa baadhi ya lukemia bado zinaufuata mpangilio wa zamani kwa kiasi kikubwa. Na hata katika utumbo kuna tofauti moja inayomhusu mzee moja kwa moja: katika majaribio yale ya California, uvimbe uliokuwa umehamia kwenye ini uliathirika zaidi kuliko ule wa kwenye utumbo, kwa sababu huko ugenini seli zenye LGR5 zilihitajika ili uvimbe uote na udumu. Cha ajabu ni kwamba utafiti mwingine wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa seli nyingi zinazosafiri kwenye damu kutoka utumboni hazina LGR5 kabisa. Zinasafiri bila cheo, zikifika zinakichukua.

Sasa tufike kwenye usugu wa dawa, ambao ndio unaowasumbua nyumbani. Kuna jaribio ambalo mwanafunzi yeyote wa maabara anaweza kulirudia, na mimi huwafanyisha wangu ili walione kwa macho yao badala ya kulisoma tu. Lilielezwa mwaka 2010 kwa seli za saratani ya mapafu. Chukua sahani iliyojaa seli ambazo dawa fulani huziua vizuri, zimimine dawa kwa kiwango kikubwa mara mia kuliko kinachohitajika, uziache siku tisa. Ukiangalia kwa hadubini unaona uwanja mtupu wenye uchafu wa seli zilizokufa, na hapa na pale seli moja moja iliyojibana chini ya sahani, haigawanyiki, haifanyi lolote. Katika ripoti ile zilikuwa kama 0.3%. Sasa ondoa dawa, ubadilishe majimaji, usubiri. Zinaamka na kuijaza sahani. Hapo mtu hutarajia kwamba kizazi hiki kipya ni sugu, kwamba tumechagua mashujaa. Mimina dawa tena: zinakufa kama mama zao, na tena inabaki sehemu ndogo ileile. Hazikuwa na jeni tofauti. Zilikuwa zimeingia katika hali fulani, na hali hiyo ilipoisha zikawa seli za kawaida za uvimbe ule.

Na hapa anarudi Catherine O'Brien. Mwaka 2021 kundi lake mwenyewe lilizipa seli za saratani ya utumbo mpana alama za kinasaba, mfano wa kumpa kila mtu nambari yake ya usajili, kisha likazitibu kwa tibakemikali ndani ya panya. Kama waliopona wangekuwa ukoo mmoja maalumu, baada ya dawa zingebaki nambari chache. Zilibaki karibu zote. Yaani takriban kila ukoo ndani ya uvimbe ulikuwa na uwezo wa kuingia katika usingizi ule, na usingizi wenyewe ulifanana na ule wa viinitete vya aina zaidi ya 100 za mamalia, ambavyo mazingira yakiwa mabaya husimamisha ukuaji tumboni na kuusubiri wakati mzuri. Mtu aliyekuwa miongoni mwa walioitafuta seli moja kati ya 57,000 ndiye aliyekuja kuonyesha, miaka 14 baadaye, kwamba karibu seli yoyote inaweza kuponea dawa. Katika kazi yetu si wengi wanaopata ujasiri wa kuipunguza nguvu hoja iliyowapa jina.

Lakini usingizi hauelezi yote, kwa kuwa umesema safari hii dawa zilishindwa mapema, vivimbe vikikua mzee akiwa bado anazipokea. Hapo kuna njia ya pili, ambayo ni mabadiliko ya kudumu ya jeni. Katika kundi la mabilioni ya seli, baadhi huwa tayari zina kosa la kinasaba linalozikinga, na dawa ikiua wenzao zinabaki na uwanja mzima. Mwaka 2012 ilionyeshwa wazi kwa wagonjwa wa utumbo mpana waliopewa kingamwili zinazoziba kipokezi kiitwacho EGFR, ambacho huipokelea seli amri ya kukua: makosa katika jeni ya KRAS yalionekana kwenye vipande vya vinasaba ndani ya damu miezi kadhaa kabla picha hazijaonyesha kwamba uvimbe unakua. Njia hizi mbili zinaungana. Watafiti wa Turin waliripoti mwaka 2019 kwamba seli za utumbo zilizo katika hali ya kuvumilia dawa hupunguza umakini wa kurekebisha vinasaba vyake, na hivyo makosa huongezeka. Usingizi unaipa seli muda, na muda huo unaipa nafasi ya kuupata usugu wa kudumu.

Umeuliza mbona haziuliwi. Sababu ya kwanza ni kwamba seli hizi zinatumia mitambo ileile ya seli shina zenu za kawaida. Utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku nne au tano hivi kwa kutegemea seli shina zake, kwa hiyo dawa inayozima mitambo hiyo kwenye uvimbe huizima na kwenye utumbo mzima. Dawa za kuzuia mtambo mmojawapo, njia ya mawasiliano ya seli iitwayo Notch, zilipojaribiwa, wagonjwa walipata kuhara kukali, kwa kuwa seli za utumbo ziligeuka kuwa za kutoa ute badala ya kufyonza chakula. Sababu ya pili nimeshaieleza: ukimuua mwenye cheo, cheo hakifi. Ilitengenezwa dawa iitwayo napabucasin kwa lengo hasa la kuzizima tabia za ushina, ikajaribiwa kwa wagonjwa wa utumbo mpana ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa, ikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa. Kwa ujumla haikurefusha maisha. Huo ulikuwa utafiti wa haki, uliofanywa na watu wenye nia njema, na ulishindwa. Upime na hilo ahadi ya muuzaji wa mtandaoni.

Kuna mahali pamoja ambapo wazo hili limeleta uponyaji wa kweli, na ni kwa njia ya kinyume. Katika aina moja ya lukemia, ile inayosababishwa na kuunganika kwa jeni za PML na RARA, dawa mbili, moja ya jamii ya vitamini A na nyingine ya arseniki, huilazimisha seli changa ikomae na huivunja protini mbovu inayoipa uwezo wa kujizalisha bila mwisho. Wagonjwa wasio katika kundi la hatari kubwa hupona zaidi ya 9 kati ya 10. Ugonjwa ule, hata hivyo, una kosa moja kubwa lililo wazi, na saratani ya utumbo mpana ina mengi.

Kwa utumbo mpana, ninaloliangalia kwa matumaini yenye kiasi ni kuwahi wakati seli zikiwa bado chache. Mwaka 2022 kundi la Eduard Batlle huko Barcelona lilizitambua kwa panya seli zinazobaki kwenye ini baada ya uvimbe wa utumboni kuondolewa, zenye alama ya EMP1. Zilipoangamizwa mapema ugonjwa haukurudi, na tiba ya kinga, yaani dawa zinazoiamsha kinga ya mwili ishambulie saratani, ikitolewa kabla ya upasuaji nayo iliziondoa. Hiyo ni panya, si mzee.

Sasa vidonge. Muuzaji akikuonyesha utafiti unaosema kwamba kitu chake "kiliua seli shina za saratani maabara", huenda hasemi uongo. Kuziua kwenye sahani si kazi ngumu. Mwaka 2009 watafiti walipima takriban kemikali 16,000 wakapata moja, salinomycin, iliyopunguza uwiano wa seli hizo katika saratani ya matiti zaidi ya mara mia ukilinganisha na dawa ya kawaida. Ni habari kubwa, ilisambaa kote. Salinomycin ni dawa inayochanganywa kwenye chakula cha kuku kuzuia vimelea, na kwa binadamu ni sumu ya misuli na neva. Kati ya sahani na kitanda cha mgonjwa kuna safari ambayo vitu vingi havimalizi.

Badala ya vidonge, nendeni kwa daktari bingwa na maswali haya. Ulizeni kama uvimbe ulipimwa hitilafu ya mfumo wa kurekebisha vinasaba, ile inayofupishwa MSI. Kwenye saratani iliyosambaa ni kama mgonjwa mmoja kati ya ishirini, lakini kwa hao tiba ya kinga inaweza kufanya kazi hata pale tibakemikali inaposhindwa. Ulizeni hali ya jeni za KRAS, NRAS na BRAF, kwa kuwa zile kingamwili za EGFR kwa kawaida hazimfai mwenye kosa la KRAS, na hao ni kama wanne kati ya kumi. Kama mzee aliwahi kuzipata zikamsaidia kisha zikashindwa, ulizeni kama zinaweza kujaribiwa tena baadaye: dawa ikisimama, seli zenye kosa la KRAS hupungua kwenye damu, kwa kadiri ya nusu kila baada ya miezi minne hivi, na wagonjwa waliochaguliwa kwa kipimo cha damu wameonekana kunufaika mara ya pili. Na juu ya yote, ulizeni kama vivimbe vya ini vimeangaliwa na daktari mpasuaji wa ini, maana kisu hakijali kama seli imelala au iko macho. Vikiwa vichache na sehemu ya ini itakayobaki ikitosha, upasuaji huwaponya baadhi ya watu kabisa. Mkiambiwa kwamba kwa sasa haiwezekani, ulizeni tena kila baada ya picha mpya, kwa kuwa jibu hilo hubadilika kadiri vivimbe vinavyobadilika.